Hamu, Kushi na Havila: majina ya Mwanzo yaliyofika Nyabarongo

Wenzetu, Mwanzo sura ya 10 ni ile sura ambayo wengi tunairuka. Majina matupu: Hamu, Kushi, Putu, Sabta, Raama, Dedani. Nani ana muda? Lakini sisi tuliotoka Masisi, Rutshuru, Uvira au Bujumbura, jina moja la humo limetufuata mpaka hapa Kigali, kwa hiyo safari hii tumeisoma pole pole.

Hamu ni mtoto wa Nuhu. Wengi watakuambia alilaaniwa, eti ndiyo maana Waafrika ni weusi. Soma sura ya 9 mwenyewe uone: anayelaaniwa ni Kanaani, mtoto wa Hamu, na rangi ya ngozi haitajwi kabisa. Hata hivyo Wazungu waliouza watumwa walijitetea kwa hadithi hiyo.

Halafu ikageuzwa. Mwaka 1798 jeshi la Napoleon liliingia Misri, na wasomi wa Ulaya wakastaajabia mahekalu yake. Shida ni kwamba Misri imo kati ya watoto wa Hamu. Basi Hamu akapakwa rangi upya: sasa akawa ndugu wa Wazungu, aliyekuja kuwatawala Waafrika. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke aliandika kwamba watawala wa nchi zetu za maziwa makuu walitokea Ethiopia. Alikuwa amefika Karagwe kwa mfalme Rumanika. Rwanda yenyewe hakuikanyaga! Lakini wamisionari na wakoloni walilishika wazo hilo. Mtutsi akaitwa Mhamu, mgeni wa kutoka kaskazini, na Mhutu akaitwa Mbantu. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho.

Sifa ile ikawa mtego, maana aliyeitwa mgeni ili apandishwe anaweza kuambiwa arudi alikotoka. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia watu kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia, na njia ni mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, miili ilitupwa kwenye mto huo, ikaingia Akagera, ikafika Ziwa Victoria. Watu wa Uganda waliitoa majini wakaizika. Mugesera alirudishwa kutoka Kanada mwaka 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Sasa rudi kwenye orodha. Kushi tunaambiwa ni nchi ya kusini mwa Misri, sawa, lakini mwanawe Nimrodi anatawala Babeli, Ereku na Akadi, ambako leo ni Iraki. Na Havila ndiyo kichekesho: anatajwa kati ya wana wa Kushi, kisha anatajwa tena kati ya wazao wa Shemu. Jina moja, koo mbili! Aliyeiandika orodha alikuwa anapanga mataifa aliyoyasikia, kwa jamaa zao, lugha zao na nchi zao. Kivu haimo. Rwanda na Burundi hazimo.

Maneno yale bado tunayakuta kwenye simu zetu, huyu Mhamu, yule Mniloti, warudi kwao. Anayedai yametoka kwenye Biblia, mwombeni awaonyeshe mstari.