JAKUZI LILIVYOINGIA VITANI: Boti ndogo zilizotisha mito ya Vietnam

Ukisikia jakuzi unawaza hoteli, mapovu na picha za kupost. Sasa shika hii: kampuni ya Jacuzzi ndiyo iliyotengeneza pampu za boti iliyotikisa mito ya Vietnam.

Mwaka 1966, kusini mwa Vietnam. Delta ya Mekong ni mito na mifereji mitupu. Wapiganaji wa Viet Cong walipitisha silaha humo kwa mitumbwi, na manowari kubwa za Marekani haziingii. Jeshi la majini likaleta PBR, boti ya doria ya fibaglasi, urefu futi 31, watu wanne tu ndani.

Ujanja wake uko chini: haina pangaboi. Injini mbili za dizeli zinaendesha pampu, pampu zinavuta maji chini ya boti na kuyarusha nyuma kwa nguvu. Boti inapita kwenye kina cha futi mbili hivi, inakimbia zaidi ya kilomita 45 kwa saa, na inaweza kugeuka hapohapo ilipo. Usiku ilishusha makomandoo wa SEAL kimyakimya ukingoni.

Lakini fibaglasi haizuii risasi. Kinga kubwa ya wale wanne ilikuwa mbio na bunduki zao.

Oktoba 31, 1966, baharia mmoja akiongoza boti mbili alikuwa anafukuza mitumbwi miwili. Akakata kona, akajikuta katikati ya kundi zima la adui. Hakurudi nyuma. Helikopta zikaja kusaidia, mapigano yakaenda saa tatu, na vyombo 65 vya adui vikapotea. Akapewa Medal of Honor, nishani kubwa kuliko zote za kijeshi Marekani.

Ila mto ule ulikuwa pia barabara ya wakulima na wavuvi. Mchana walisimamishwa na kupekuliwa. Usiku kulikuwa na amri ya kutotembea, na chombo kilichoonekana majini kilihesabiwa cha adui. Mvuvi aliyechelewa kurudi nyumbani alikuwa anacheza na roho yake.

Leo boti za mtoni za makomandoo wa Marekani, SOC-R, bado zinasukumwa na pampu za maji, hazina pangaboi. Teknolojia ya PBR inasifiwa mpaka kesho. Wale wavuvi hawakupewa nishani, na majina yao hayatajwi popote.