HARUFU SIYO KIPIMO (Nyama ya ndege wa porini, sehemu ya 3)

Leo turudi nyuma kwenye historia kidogo, maana kuna swali mnaniuliza sana: "Nesi, kanga kaletwa jana jioni, kalala jikoni, lakini hajatoa harufu. Nimpikie mtoto?"

Mwaka 1825 hakimu mmoja Mfaransa aliyependa sana chakula, Jean Anthelme Brillat-Savarin, alichapisha kitabu kuhusu ulaji. Humo alisema fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, hanogi mpaka aanze kuoza. Yaani anakaa siku kadhaa na manyoya yake, na pua ndiyo inaamua. Waingereza nao wananing'iniza ndege hivyo mpaka leo. Nyama inalainika, ni kweli. Ila kule ni majira ya baridi, na baridi inachelewesha vijidudu.

Sasa tatizo ni hiyo pua. Mwaka 1825 watu hawakujua kwamba vijidudu ndivyo vinavyoozesha nyama. Louis Pasteur alikuja kulionyesha hilo miaka ya 1860. Mwaka 1885 huko Marekani, Theobald Smith, akifanya kazi chini ya Daniel Salmon, akapata kwenye nguruwe bakteria ambao baadaye waliitwa Salmonella. Hao wanaishi kwenye utumbo wa wanyama na ndege, na hawabadilishi harufu wala rangi ya nyama. Wanaotoa harufu ni wengine! Ndiyo maana nyama isiyonuka inaweza kumlaza mtoto kwa homa na kuhara, na mtoto mdogo anaishiwa maji haraka sana.

Kwa hiyo jibu: kanga aliyelala jikoni kwenye joto letu, usimpike.

Akifika mbichi:
- Mtoe utumbo mapema, bila kuupasua.
- Usimwoshe chini ya bomba, matone yanaruka kwenye vyombo.
- Kisu na ubao wake visiguse kachumbari. Mikono, sabuni.
- Hapikwi sasa hivi? Friji.
- Aive mpaka ndani, nyuzi 74 kama una kipimajoto.
- Kapigwa bunduki? Vile vipunje mara nyingi ni madini ya risasi, yanaharibu ubongo wa mtoto. Mtoto na mjamzito wasile.
- Kaokotwa amekufa? Usimguse.

Mtumie na jirani ambaye mume wake ni mwindaji.