Kutoka Newala hadi London: Uchaguzi wa Jarida na Hatima ya Maarifa ya Tiba katika Jimbo la Kusini

Makala haya yanajadili namna mahali panapochapishwa utafiti wa tiba panavyoamua ni nani atanufaika nao. Mfano unaotumika ni mlipuko wa homa ulioikumba Newala, katika Uwanda wa Makonde, mwaka 1952 hadi 1953. Wakati huo Newala na Kingerikiti zilikuwa katika Jimbo moja la Kusini la Tanganyika: Newala upande wa mashariki, na Kingerikiti magharibi, karibu na Ziwa Nyasa, chini ya Wilaya ya Songea.

Wagonjwa walipatwa na homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo yaliyowafanya wajikunje. Ndiyo sababu ugonjwa huo ulijulikana kwa neno la Kimakonde, chikungunya. Virusi vyake vilichunguzwa Entebbe, katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki, na matokeo yakatolewa kwa sehemu tatu. Robinson (1955) alieleza dalili na Lumsden (1955) alieleza uenezi, wote katika Transactions of the Royal Society of Tropical Medicine and Hygiene la London. Ross (1956) alieleza virusi vyenyewe katika Journal of Hygiene la Cambridge. Hayo yalifanyika ilhali Nairobi kulikuwa na East African Medical Journal, jarida ambalo chimbuko lake ni miaka ya 1920.

Uchaguzi huo ulikuwa na faida. Majarida ya Uingereza yalisomwa na wataalamu wa nchi nyingi. Hivyo, virusi hivyo vilipobainika Bangkok mwaka 1958 na Calcutta mwaka 1963, tayari vilikuwa na jina na maelezo ya kulinganishia.

Hata hivyo, hasara ilibaki nyumbani. Virusi hivyo huenezwa na mbu aina ya Aedes aegypti, ambaye huzaliana katika maji yaliyohifadhiwa majumbani, na Uwanda wa Makonde una uhaba mkubwa wa maji. Kufunika mitungi hakuhitaji maabara. Kunahitaji habari iliyofika kwa lugha inayoeleweka. Makala zote tatu ziliandikwa kwa Kiingereza.

Athari za uchaguzi huo zinaonekana hadi leo. Makala ya Ross husomeka bure katika hazina ya PubMed Central. Transactions sasa hutolewa na Oxford University Press, na matoleo yake ya zamani kwa kawaida huhitaji usajili au malipo. Kwa hiyo, tabibu wa zahanati ya Kingerikiti mwenye simu yenye intaneti anaweza kusoma habari za virusi maabarani, lakini akakwama mbele ya maelezo ya mgonjwa kitandani, ambayo ndiyo anayoyahitaji zaidi.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ilianzisha jarida lake mwaka 1997. Hatua hiyo ilipunguza umbali, ingawa haikuondoa kizuizi cha lugha.

Kwa kuhitimisha, hadhi ya jarida ni kigezo halali, lakini hakitoshi. Mtafiti anapochagua jarida anachagua pia wasomaji. Utafiti uliotokana na damu ya wanakijiji una deni kwao: usomeke bila malipo, na muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili.