Mechi Kumi za Christian Streich

Katika kumbukumbu za Bundesliga, mchezaji Christian Streich ana mechi 10 tu, zote akiwa na jezi ya FC Homburg. Miaka yake mingine uwanjani ilipita kwenye madaraja ya chini, akiwa kiungo wa Stuttgarter Kickers, SC Freiburg na Freiburger FC. Angeishia hapo, sisi wanafunzi wa historia tungempita bila hata kugeuza shingo.

Alikuwa mtoto wa mwenye bucha kijijini Eimeldingen, karibu na mpaka wa Uswisi. Alijifunza kwanza kazi ya ofisini, kisha akarudi shule na baadaye akasoma Kijerumani, historia na michezo chuo kikuu. Mwaka 1995 alianza kufundisha vijana wa SC Freiburg. Alikaa nao zaidi ya miaka 15.

Miaka hiyo ndiyo inayonisumbua. Tumezoea kuandika historia ya siku: siku ya vita, siku ya mapinduzi, siku ya fainali. Kulea hakuna siku yake. Vijana wa Streich walikuwa mabingwa wa Ujerumani mwaka 2008, lakini nje ya Freiburg ni wachache waliomjua aliyewafundisha.

Mwishoni mwa Desemba 2011, Freiburg ikiwa mkiani mwa ligi, alikabidhiwa timu ya wakubwa. Mwezi uliofuata mfungaji wao mkuu, Papiss Cissé, akauzwa Newcastle. Streich akageukia aliowajua. Katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Augsburg, alimwingiza Matthias Ginter, kijana aliyekuwa ametimiza miaka 18 siku mbili tu kabla. Ginter akafunga bao pekee la mchezo, dakika za mwisho. Freiburg haikushuka, na msimu uliofuata ilimaliza ya tano.

Mwaka 2015 ikashuka kweli. Klabu nyingi humfukuza kocha kabla machozi hayajakauka. Freiburg ilibaki na wake, naye akairudisha juu mwaka mmoja baadaye ikiwa bingwa wa daraja la pili. Pengine viongozi walikumbuka kitu ambacho msimamo wa ligi hauonyeshi.

Mei 2022 aliifikisha klabu fainali ya Kombe la Ujerumani kwa mara ya kwanza. RB Leipzig wakashinda kwa penalti. Streich aliondoka mwaka 2024 bila kulinyanyua kombe hilo, wala ubingwa wa Bundesliga.

Nikiulizwa basi alifanikiwa nini, sitaanza na fainali ile. Nitaanza na majira ya joto yaliyoifuata, pale Ginter, baada ya miaka minane Dortmund na Mönchengladbach, alipoamua kurudi Freiburg, kwa mwalimu wake.