Zimika, jizima, ganda, kwama: vitenzi vya hitilafu za kompyuta

Vitenzi hivi vinne hutumika kueleza kompyuta iliyoacha kazi ghafla. Katika mazungumzo hupokezana nafasi bila madhara. Katika maelezo anayopewa fundi havipokezani, kwani kila kimoja huelekeza kwenye chanzo chake. Mpiga picha za harusi wa Mji Mkongwe anayemwambia fundi, "Kompyuta imezima nikihariri picha," amesema machache mno. Fundi hubahatisha, hubadilisha kifaa kisicho na kosa, na mteja hulipa.

Zimika. Hutumika kwa kitu kilichozimwa na sababu ya nje, kama taa au moto. Kompyuta iliyozimika imekosa umeme. Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya upitao chini ya bahari, na wenyeji hawajasahau giza la mwaka 2008, wala lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, ila mazoea ya kuutupia umeme kila lawama yamebaki. Kompyuta ya mapajani yenye betri nzima haizimiki kwa umeme wa mtaa kukatika. Ikiacha kazi, kitafutwe kitenzi kingine.

Jizima. Kiambishi *-ji-* huonyesha kwamba mtenda ndiye mtendwa. Prosesa ikipata joto la kupindukia, mashine hujikata yenyewe isije ikaungua. Dalili zake ni feni kuvuma kwa nguvu, kisha kiza. Na ikiwashwa papo hapo, hujizima mapema zaidi. Vumbi lililoziba matundu ya hewa ndilo la kutazamwa kwanza, hasa katika vyumba visivyopitisha upepo wakati wa kaskazi. Kompyuta ya mezani yenye saplai dhaifu nayo hujizima mzigo unapozidi, hata ikiwa baridi. Kwa hiyo joto lipimwe kabla ya kununua feni.

*Mfano:* Hujizima kila ninapotoa picha zote kwa pamoja, lakini nikiandika barua haina neno.

Ganda. Mafuta ya nazi huganda wakati wa baridi, damu huganda, maziwa huganda. Maana ya kompyuta imetoka humo: taswira imebaki kwenye skrini, kipanya hakisogei, hakuna kitufe kinachoitikiwa. Hapa umeme upo. Washukiwa ni kiendeshi cha kadi ya michoro na kumbukumbu yenye kasoro. Programu ya kuhariri picha hugusa sehemu za kumbukumbu ambazo kazi ndogondogo hazifiki, ndiyo maana kasoro iliyojificha hujitokeza hapo tu na huonekana kama jambo la nasibu. Kumbukumbu ijaribiwe kwa programu ya kupimia, usiku kucha ikibidi. Skrini ya buluu iingizwe humu pia, na maandishi yake yanakiliwe kabla hayajapotea.

Kwama. Jahazi hukwama mchangani, na maji yakijaa *hukwamuka*. Kitenzi hiki kinafaa pale programu moja tu inapogoma huku nyingine zikiendelea. Mara nyingi chanzo ni nafasi. Picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000, kwa biti 16 kwa kila rangi, huchukua takriban megabaiti 144. Tabaka kumi zilizojaa hukaribia gigabaiti 1.5, mbali na kumbukumbu za hatua zilizopita. Kumbukumbu ikijaa, Photoshop huhamia kwenye diski. Diski nayo ikijaa, imekwama. Futa au hamisha mafaili kabla ya kumwita fundi.

Matumizi ya kuepuka. "Kompyuta imeanguka" ni tafsiri ya neno kwa neno. Msomaji wa Kiswahili huiona ikitoka mezani hadi sakafuni. "Imestaki" ya mitaani inaeleweka, ila kwenye maandishi rasmi humpeleka msomaji mahakamani, kwa jinsi inavyokaribiana na *imeshitaki*.

Sarufi. Kompyuta imo katika ngeli ya I-ZI: *kompyuta imeganda, kompyuta zimeganda*. Kauli ya kutendua ya *ganda* ni *gandua*, na ya *kwama* ni *kwamua*. *Zimika* haina kinyume cha namna hiyo, husemwa *washa*.