Kina Mama wa Buganda na Elimu ya Malezi

Katika Buganda ya zamani mtoto hakuwa wa mamaye peke yake, bali alihesabiwa kuwa wa ukoo wa babaye, na kwa sababu hiyo ilikuwa ada yenye kusifiwa kwamba akishalikizwa aondolewe mikononi mwa mzazi wake, apelekwe kwa jaja, ambaye ni bibi yake, au kwa senga, dada wa baba, au kwa jamaa mwingine mwenye cheo, ili alisahau ziwa na kufundwa adabu ya kusalimu na kupiga magoti mbele ya wakubwa. Wavulana waliotarajiwa makuu waliingizwa katika nyumba za machifu na katika Lubiri, yaani jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, wakatumika barazani hali wangali wadogo. Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu, tangu 1889 hata 1926, alikulia katika utumishi huo, na wengi wa vijana waliouawa Namugongo mwezi wa Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga walikuwa watumishi wa jumba lake.

Ada hiyo ya kumhamisha mtoto aliyelikizwa ndiyo iliyomvutia Mary Ainsworth, mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyelelewa Kanada, ambaye mwaka 1954 aliwasili Kampala pamoja na mumewe aliyepata kazi katika taasisi ya uchunguzi wa jamii huko Makerere. Alikuwa ametoka London, kwa John Bowlby, yule tabibu ambaye katika taarifa yake ya 1951 kwa Shirika la Afya Duniani alishikilia kwamba mtoto mchanga akitengwa na mamaye kwa muda mrefu hudhurika moyo. Basi Ainsworth akatamani kuona kwa macho yake hali ya mtoto anayelikizwa na kuhamishwa kwa wakati mmoja. Lakini katika vijiji alivyovichagua, karibu na Kampala, aliikuta desturi hiyo imekwisha fifia, naye, kwa busara ninayoistahi, akaiacha azma yake ya kwanza akaketi kutazama yaliyokuwepo.

Kwa muda wa hadi miezi tisa alizizuru aila 26, zenye watoto 28, kila baada ya majuma mawili, akikaa saa mbili sebuleni pamoja na mkalimani wake wakati wa alasiri, ambapo wanawake wa Kiganda walikuwa wakipokea wageni. Hapo aliona mtoto anayetambaa akiondoka mapajani mwa mamaye, akaenda kuchungua kikapu au miguu ya mgeni, kisha akageuka kumtazama mama, akarejea kumgusa goti, akaenda tena. Na mama akiinuka kutoka, mtoto humfuata kwa kilio. Aliona pia kwamba mama aliyeweza kueleza kwa utondoti habari za mwanawe, na aliyefurahia kumnyonyesha, aghalabu mtoto wake alikuwa mtulivu. Na kwamba kuwepo kwa walezi wengine nyumbani hakukumzuia mtoto kumpenda mamaye.

Jambo hili la mwisho ndilo lililostahili kuenea kuliko yote, nalo ndilo lililosahauliwa upesi. Ainsworth alipohamia Baltimore, huko Marekani, aliwakuta watoto waliozoea mama zao kuingia na kutoka, wasioonyesha waziwazi nyumbani mwao yale aliyoyaona Buganda; kwa hiyo akabuni jaribio la dakika kama 20, ambamo mama humwacha mtoto katika chumba kigeni, pamoja na mtu asiyemjua, kisha hurejea. Jaribio hilo lilitapakaa duniani likawa mizani ya kupimia watoto wa kila taifa, hata wa Japani, ambao kwa kuwa mama zao walikuwa nadra kuwaacha walilia kwa uchungu mkubwa mno, na baadhi ya wapimaji wakawadhania wana kasoro. Kitabu chake juu ya Uganda, kilichotoka mwaka 1967, hakisomwi kwa wingi kama habari za Baltimore.

Hili naliona ni dhuluma kwa wale kina mama, kwani wao ndio waliofungua milango yao na kujibu maswali mengi ya mgeni kwa subira, na bila wao Ainsworth asingekuwa na la kulijaribu. Nawasihi walimu wanaowafunza wakunga, wauguzi na walezi katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki waianze habari hii mahali ilipoanzia, katika sebule za vijiji vya Buganda, na wawataje senga na jaja pamoja na mama.