Mimba ya Siri na Sheria Iliyomsahau Baba

Kichanga kikiokotwa kimekufa shambani huko Meru au Embu, anayetafutwa ni mmoja tu: msichana aliyekuwa na tumbo juzi na leo hana. Upweke huo una historia yake. Mila haikuwa na huruma. Meru, kushika mimba kabla ya tohara kulikuwa mwiko, na mimba nyingi za namna hiyo ziliharibiwa. Katika kitabu chake cha 2003, mwanahistoria Lynn Thomas anaeleza jinsi wakoloni, wakihofia kuwa uharibifu huo unapunguza watu, walivyoshinikiza wasichana wakeketwe mapema zaidi, kabla ya kubalehe. Hata hivyo, mimba ilikuwa shauri la koo mbili, na upande wa mvulana ungeweza kudaiwa fidia ya mifugo. Kanuni ya Adhabu ya 1930 ilikuja na mizizi mingine. Uingereza, sheria ya 1624 ilimhesabu mama asiyeolewa aliyeficha kifo cha mtoto wake kuwa muuaji, mpaka athibitishe kwamba mtoto alizaliwa mfu. Ilifutwa 1803, likabaki kosa dogo la kuficha uzazi. Kosa hilo ndilo kifungu chetu cha 227: kuificha maiti ya mtoto ni hatia hata kama alifia tumboni.

Baba naye aliwahi kukumbukwa. Sheria ya 1959 ilimruhusu mama asiyeolewa kumdai matunzo mahakamani. Bunge la Kenya huru, ambalo halikuwa na mbunge mwanamke hata mmoja wa kuchaguliwa, likaifuta 1969.

Wapo watakaosema kichanga nacho ni mtu. Ni kweli, na kifungu cha 214 kinamlinda tangu anapotoka mzima tumboni, hata kabla kitovu hakijakatwa. Wengine watasema kifungu cha 210 tayari kina huruma, kwa kuwa mama aliyevurugika akili kwa uzazi haadhibiwi kama muuaji wa kukusudia. Lakini huruma hiyo inapima akili yake tu. Haiulizi nani alimpa mimba, nani angemfukuza nyumbani, wala kwa nini alijifungua bila mkunga. Na adhabu yake bado yaweza kufika kifungo cha maisha.

Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inawapa baba na mama wajibu sawa wa malezi, wawe wameoana au la. Bunge liisome ibara hiyo pamoja na vifungu vya 210 na 227, kisha livirekebishe.